Sisi wa pwani ya kusini na Mlima Kilimanjaro: anayeanza na mwenye tahadhari achague njia ipi? Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Chikongola

Assalaam alaykum na habari za wakati huu, ndugu zangu wa Mtwara na Lindi. Kikundi chetu cha walimu kimekubaliana kupanda Kilimanjaro mwezi Januari, wakati wengi wetu tutakuwa tumeshalipwa fedha za korosho. Mimi ni mtu wa tahadhari, nimekulia mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na mlima huo nimeuona kwa dirisha la basi. Wenzangu vijana wanaitaka njia ya Machame kwa sababu ya mandhari yake, na kampuni moja imetupa bei nafuu ya Marangu kwa siku tano. Ninachotafuta si sifa ya kufika mita 5,895, bali njia ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu na kurudi nyumbani akiwa na afya yake. Mliowahi kupanda, naomba mtueleze mlichokiona kwa macho yenu, si kilichoandikwa kwenye vipeperushi.

Mmakua wa Masasi

Naungana na Mwalimu. Wengi wanaotushauri kuhusu mlima huo ni wenyeji wa Moshi ambao huamka nao dirishani kila siku, nasi wa huku tunahitaji kusikia kutoka kwa wenzetu.

Mzee wa Nachingwea

Mwalimu, chukueni Marangu bila kusita. Ndiyo njia pekee yenye nyumba za kulala, kwa hiyo mtalala kitandani Mandara, Horombo na Kibo, wakati wenzenu wa njia nyingine wanalala kwenye mahema yaliyoloa umande. Mteremko wake ni wa taratibu kwa sehemu kubwa, njia ni pana, na mnashuka kwa njia ile ile mliyopandia, jambo ambalo mtu mwoga hulithamini sana, kwa kuwa kila sehemu ya kurudi ameshaiona. Mimi nilipanda nikiwa na umri ambao wengine wanaanza kutembelea mkongojo, na sikushika mwamba hata mmoja kwa mikono hadi nilipozidi Kibo, ambako kuna changarawe na mawe makubwa kabla ya Gilman's Point, ukingoni mwa kasoko.

Msimbati Pwani

Shikamoo Mzee. Ninakubaliana nawe kuhusu upana wa njia, na ningependa kuongeza jambo ambalo walimu vijana hawajaambiwa. Njia ya Machame, na Lemosho pia, hupitia ukuta wa Barranco. Hauhitaji kamba wala ujuzi wa kupanda miamba, lakini una urefu wa zaidi ya mita 200, unatumia mikono na miguu, na kuna mahali ambapo unalikumbatia jiwe huku mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga upande wa pili. Mimi sina tatizo na baridi wala uchovu, lakini nikisimama ukingoni magoti yananilegea. Pale Barranco nilisimama huku foleni ya watu ikijaa nyuma yangu, wapagazi wakinipita na mizigo kichwani, hadi mwongozaji msaidizi aliponiambia nisitazame chochote isipokuwa visigino vyake. Kwa hiyo, Mwalimu, kabla ya kuuliza njia ipi ni rahisi, waulizeni wenzenu wanaogopa nini. Anayeogopa kimo kinachoonekana, yaani bonde lililo wazi chini ya miguu yake, aende Marangu au Rongai, kwa sababu njia hizo hazipiti Barranco. Umbwe msiitaje kabisa, kwani inapanda kwa ukali tangu msituni na hata waongozaji hawaishauri kwa anayeanza.

Binti Mitwero

Nilikuwa nimejizuia nisiandike, lakini maneno "Marangu kwa siku tano" yamenirudisha palepale.

Mdogo wangu wa kiume ni mvuvi, kijana wa kuvuta jarife tangu alfajiri bila kuhema, na katika kundi letu hakuna aliyemzidi nguvu. Siku ya kwanza alitangulia kufika Mandara. Siku ya pili aliingia Horombo mbele ya baadhi ya wapagazi, jambo ambalo mwongozaji mkuu hakulipenda. Alimwambia "pole pole" zaidi ya mara moja, naye akacheka. Ratiba tuliyouziwa haikuwa na siku ya kupumzika Horombo, kwa hiyo kesho yake tulivuka ile nyika kame iliyo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, upepo ukitupiga usoni mchana kutwa. Alifika Kibo hana hamu ya chakula na kichwa kinamgonga, lakini aliificha hali hiyo kwa hofu ya kurudishwa.

Tulipoamshwa usiku kujiandaa kwa safari ya kileleni, nilimmulika kwa tochi ya kichwani nikamwona ameketi ukingoni mwa kitanda, akiipitisha kamba ya kiatu katika tundu moja, akiichomoa, kisha akiipitisha tena katika tundu lile lile. Nilimuuliza kama yuko salama. Alinijibu kwa Kimwera, kwa utulivu kabisa, kwamba maji yameanza kupwa na tufanye haraka kufungua mtumbwi. Mwongozaji alimwinua akamtaka atembee kwa kufuata mstari mmoja, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hakuweza. Aliyumba akaiangukia meza, na vikombe vya chai vikamwagika juu ya glovu zetu. Mwongozaji hakushauriana na mtu yeyote. Alisema tu, "Huyu anashuka sasa hivi," akamwekea oksijeni, na wapagazi wakamfunga kwenye machela yenye gurudumu moja. Walishuka naye gizani karibu kilomita 10 kurudi Horombo, wengine wakiishikilia machela kwa nyuma isikimbie na wengine wakiivuta mbele penye mawe, nami nikifuata nyuma nikisoma kila dua niliyoijua. Kabla hatujafika alianza kuuliza tuko wapi. Kulipokucha alinitambua na akaomba chai.

Leo ni mzima na anavua kama kawaida. Lakini aliyetuuzia ratiba ile alituambia kwamba siku ya sita ni anasa ya Wazungu, na maneno hayo sitayasahau. Mwalimu, ninakusihi, msikubali siku tano.

Korosho Newala

Dada, pole sana, na Mwenyezi Mungu ashukuriwe. Nimesoma mara mbili hadi mikono imenitoka jasho. Sasa tutajie jina la kampuni hiyo ili watu waiepuke.

Binti Mitwero

Ahsante, kaka. Jina sitalitaja, kwa sababu ratiba ya siku tano inauzwa na wengi, na mtu akiikwepa kampuni moja anaweza kuinunua ratiba ile ile mlango wa pili. Kinachopaswa kukwepwa ni ratiba yenyewe.

Mmakua wa Masasi

Na yule mwongozaji alipewa nini? Mtu wa namna hiyo anastahili kushukuriwa na ukoo mzima.

Mzee wa Nachingwea

Pole sana, mwanangu. Hata hivyo, naomba tusiihukumu Marangu kwa tukio hilo. Kijana alikimbia, na mlima ule haupandwi kwa mbio. Njia haina kosa.

Msimbati Pwani

Mzee, kwa heshima zote, njia nayo ina sehemu yake. Kwa sababu ina vitanda, watu wameibandika jina la "njia ya Coca-Cola", na jina hilo linawafanya wanaoanza waamini kwamba ni matembezi. Anayeamini hivyo ndiye anayekubali siku tano, na ndiye anayekimbia.

Mzee wa Nachingwea

Jina hilo hatukulitunga sisi, na mtu mzima anatakiwa kuuliza kabla ya kulipa. Ninarudia kwamba kwa mwenye tahadhari hakuna njia iliyo nyoofu kuliko ile.

Muuguzi Mstaafu

Naomba niingie kati, kwa sababu mnabishana juu ya njia huku jambo lenyewe likiwa ni mahali pa kulala. Alichokipata kijana wa Mitwero kina dalili zote za ubongo kuvimba kwa sababu ya kimo, na kipimo cha kutembea mstari mmoja ndicho kinachotumika milimani kuutambua. Dawa yake kuu ni kushuka, usiku huo huo, bila kusubiri kupambazuke. Kanuni inayofundishwa ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya takriban mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kupumzika. Sasa itazameni Marangu: Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720, na Kibo iko takriban mita 1,000 juu ya Horombo. Kila hatua ni karibu mara mbili ya kanuni. Siku ya sita, ambayo hutumika kupanda kidogo kutoka Horombo hadi kwenye miamba ya pundamilia na kurudi kulala pale pale, si anasa. Ndiyo inayoupa mwili nafasi.

Machame inazo siku za namna hiyo ndani yake, kwa kuwa unapandishwa hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, kisha unashushwa kulala Barranco kwenye mita 3,900 na kitu. Lemosho ya siku nane ni bora zaidi kwa upande huu, ingawa ina ule ukuta alioueleza Msimbati Pwani. Kwa hiyo mtu wa pwani hesabu yake ya kwanza iwe siku, na jina la njia lifuate.

Mwenye selimundu asithubutu bila kumwona daktari, na hata mwenye kubeba vinasaba vyake tu aulize kwanza.

Korosho Newala

Tangawizi na kitunguu saumu vinasaidia sana. Kwetu tunatafuna tangawizi mbichi na hakuna aliyewahi kuugua kimo.

Muuguzi Mstaafu

Kaka, kwenu hakuna kimo cha kumwuguza mtu. Uwanda wa Makonde wote haufiki hata nusu ya mwinuko wa Mandara. Tangawizi kwenye chai ni nzuri na inatia joto, lakini isichukue nafasi ya siku za kutosha. Iko dawa ya asetazolamidi, ambayo wengi huiita Diamox. Iandikwe na daktari, hasa kwa wenye mzio wa dawa za salfa, na isitumike kufupisha ratiba.

Korosho Newala

Nimekuelewa, Muuguzi. Lakini mazoezi ya kuteremka na kupanda ule ukingo wa Newala, pale Shimo la Mungu, yanajenga mapaja kweli kweli, na ninawashauri walimu waje mwisho wa wiki. Chakula ni juu yangu, miguu ni juu yao.

Muuguzi Mstaafu

Hapo ninakuunga mkono kabisa. Mazoezi ya ukingo yatawasaidia zaidi kwenye kushuka. Wanaopanda Machame na Lemosho hushukia njia ya Mweka, kutoka kileleni hadi kambi iliyo kwenye mita 3,100 siku hiyo hiyo, na ndipo magoti ya walimu wa makamo yanapodai haki yao.

Fundi wa Kilwa Masoko

Kwa nini hamjaitaja Meru? Mita 4,562, kuna nyumba za kulala Miriakamba na Saddle, na unasindikizwa na askari mwenye bunduki kwa ajili ya wanyama. Waanze huko.

Msimbati Pwani

Kaka Fundi, kwa mwoga Meru ni mtego ule ule kwa sura nyingine. Ukipita Rhino Point unatembea kwenye kigongo chembamba, upande mmoja kukiwa na shimo la kasoko. Hata hivyo, kutoka Saddle mtu anaweza kupanda Meru Ndogo, mita 3,820, kwa mteremko mpole, kisha akarudi bila kukigusa kile kigongo, na akawa ameujua mwili wake unavyojibu.

Mmakua wa Masasi

Nami niseme jambo ambalo halina ushujaa ndani yake. Walimu wasiotaka kulala mlimani wanaweza kupanda kwa siku moja kutoka lango la Marangu hadi Mandara, wakaizunguka kasoko ya Maundi, na jioni wakawa mjini. Mke wangu alifanya hivyo, aliona mbega msituni na Kibo kwa mbali, akarudi akiwa na furaha kuliko sisi tuliolala huko.

Mwalimu wa Chikongola

Ndugu zangu, nimeandika kila neno. Nimezungumza na wenzangu jioni hii: siku tano tumezikataa, na sasa ubishi umebaki kati ya Marangu ya siku sita na Rongai ya siku saba, kwa sababu wanne kati yetu wamekiri kwamba hawaliwezi lile jiwe la Barranco. Je, Rongai kuna aliyeipita? Na Januari ni mwezi mzuri, maana huku kwetu ndiyo mvua zenyewe?

Binti Mitwero

Kule Januari na Februari ni kipindi cha ukavu, Mwalimu, msihofu mvua za kwetu. Angalieni kalenda msije mkaingia Ramadhani, maana kwa sasa inaangukia miezi hii ya mwanzo wa mwaka, na mlimani mtu anahitaji lita tatu za maji kwa siku. Rongai inaanzia upande wa kaskazini, karibu na mpaka wa Kenya, ambako mvua ni chache zaidi. Inapanda kwa upole, na ratiba ndefu zake hulala chini ya Mawenzi kabla ya kuvuka kwenda Kibo. Hakuna nyumba za kulala, ni mahema, lakini mtashukia Marangu.

Mzee wa Nachingwea

Iwe Rongai au Marangu, Mwalimu, kabla hamjalipa ulizeni waongozaji wasaidizi watakuwa wangapi, na idadi yao iandikwe kwenye mkataba. Mmoja wenu akishindwa usiku wa kileleni, lazima awepo mtu wa kushuka naye bila kuwalazimisha wengine kurudi, vinginevyo mgonjwa ataficha ugonjwa wake kwa kuwaonea wenzake haya. Ulizeni pia kama wanapima oksijeni kidoleni kila jioni, na kama neno la mwongozaji la kumrudisha mtu ni la mwisho. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, tafuteni wengine. Koti zito msinunue jipya, mitumba ya soko kuu inatosha, na mifuko ya kulalia inakodishwa Moshi.