Mshtuko wa moyo umeshafikisha saa 30: streptokinesi (dawa ya kuyeyusha bonge la damu) bado inafaa?

TabibuWilaya
Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa miaka 58, ana kisukari. Kifua kilianza kumbana saa 30 zilizopita, akapewa dawa za vidonda vya tumbo na sindano ya diklofenaki. ECG (kipimo cha umeme wa moyo): ST imepanda V1 hadi V4, yaani ukuta wa mbele wa moyo umeumia, na mawimbi ya Q, alama ya msuli uliokufa, yapo. Maumivu yamepungua, presha 118/74, mapafu safi. Streptokinesi ipo stoo. Nimpe? Na troponini (protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia) itanionyesha mshtuko ulianza lini?

Mzee wa ICU
Iache stoo. Mwisho wake ni saa 12 tangu maumivu yaanze. Sasa hivi bonge la damu limeshakuwa gumu na msuli uliokufa unalainika, kwa hiyo faida ni ndogo mno, ila hatari ya kuvuja damu kichwani na ukuta wa moyo kupasuka iko palepale.

Aspirini 300 mg atafune, klopidogreli 300 mg, kisha 75 mg ya kila moja kwa siku. Fondaparinuksi, ya kuzuia damu isigande, 2.5 mg chini ya ngozi mara moja kwa siku. Ikikosekana, enoksaparini 1 mg/kg kila saa 12. Pima kreatinini (kipimo cha figo) kwanza, huyo ni wa kisukari. Atorvastatini 80 mg usiku, kaptopri anza na 6.25 mg. Diklofenaki na ndugu zake wote marufuku.

Halafu piga simu JKCI (Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam) leo, si kesho. Hadi saa 48 kuzibua kwa puto na stenti kuna maana. Zikipita, mgonjwa ametulia na mshipa umeziba kabisa, kuuzibua hakumwongezei kitu. Utafiti wa OAT wa 2006 ulionyesha hivyo. Akiwa na maumivu yanayorudi, moyo kushindwa au presha kushuka, saa hazihesabiwi: apelekwe.

Dada ECG
Nyongeza kwenye hizo saa 30. Muulize upya: kifua kilibana mfululizo, au kilikuja na kuacha? Mshipa unaweza kuziba na kufunguka, na saa huhesabiwa tangu kifua kilipobana bila kuachia. Wa kisukari husikia maumivu kidogo, basi kupungua kusikudanganye.

Troponini haisemi lini. Troponini I hubaki juu siku 7 hadi 10, troponini T hata 14. CK-MB, kimeng'enya cha msuli wa moyo, hushuka ndani ya siku 2 au 3, ndiyo nzuri kugundua mshtuko wa pili.

Mzee wa ICU
Kweli kabisa. Na msikilize kifua kila zamu wiki hii nzima. Mvumo mpya pamoja na presha kuporomoka: ukuta kati ya ventrikali umetoboka au vali ya mitrali imeachia. Mishipa ya shingo imejaa na sauti za moyo ziko mbali: damu imezunguka moyo. Metoprolol usimpe mapafu yakianza kulia maji.

Dada ECG
Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) pia, hata kabla hajasafiri ikiwezekana. Ukuta wa mbele ukilala bila kusukuma, bonge la damu hujificha nchani mwa ventrikali ya kushoto. Likionekana, wafarini miezi 3, INR (kipimo cha kasi ya damu kuganda) 2 hadi 3.