Mtoto wa mbwa aina ya Ridgeback wiki 9, Kakuyuni: nimlee vipi hadi aweze kulinda shamba?

Mkulima_Kakuyuni

Salaam wadau. Nina mtoto wa Rhodesian Ridgeback, dume, wiki 9, kilo 9. Shamba ni ekari 6, mahindi na mihogo na miembe michache. Usiku nguruwe mwitu wanafukua mihogo, mchana nyani wanamaliza mahindi mabichi. Nauliza:

Ale kiasi gani kwa siku? Chakula cha gunia peke yake ni ghali, ila sembe na dagaa vipo. Aanze kazi na miezi mingapi? Majirani wanashauri maziwa na mifupa kwa wingi, na akifika miezi 6 nimwachie nguruwe. Chanjo amepata moja, ya wiki 6. Na la mwisho, sisi ni Waislamu, nataka nimweke bila kutia tabu nyumbani.

Mlezi_Gede

Kabla ya chakula, mkague mgongo. Ule mstari wa manyoya yaliyolala kinyume, kutoka nyuma ya mabega hadi kiunoni, ameurithi kwa mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, na jamii hii ina kilema kinachofuatana nao: kijimrija chembamba kinachoanzia kwenye ngozi na kushuka kuelekea uti wa mgongo. Mara nyingi hukaa shingoni au karibu na mkia, si katikati ya mstari. Bana ngozi ya juu ya shingo kwa vidole viwili, iinue, uiteleze polepole kutoka kisogoni hadi mkiani. Ukihisi kitu kama tambi kinavuta ngozi kwenda chini, usikibinye, mpeleke kwa daktari. Kikiachwa hutunga usaha, na usaha unaweza kufika kwenye uti. Hutolewa kwa upasuaji, na mbwa aliyekuwa nacho hazalishwi.

Hilo la maziwa na mifupa liache kabisa. Mtoto wa mbwa mkubwa, hasa kabla ya miezi 6, hana uwezo wa kukataa kalisi (madini ya mifupa, yaliyojaa kwenye maziwa na mifupa) iliyozidi. Utumbo unaipokea tu. Mifupa inakomaa ovyo, miguu ya mbele inapinda, viungo vinauma. Chakula kingi nacho kinamharakisha kukua, uzito unatangulia viungo kabla havijakaza. Dume wa Ridgeback aliyekamilika ana urefu wa sentimita 63 hadi 69 begani na uzito wa kilo 36 hadi 39 hivi. Urefu huo ataupata tu, umpe maziwa usimpe. Unachoweza kuharibu ni njia ya kufikia huko.

Kwa kilo zake 9, chakula cha gunia peke yake ni gramu 250 hadi 300 kwa siku. Ukitaka kuchanganya: gramu 150 za chakula cha watoto wa mbwa wakubwa (kifuko kiwe kimeandikwa hivyo), gramu 250 za ugali uliopikwa, na gramu 50 za dagaa wakavu. Dagaa waoshe maji mawili matatu mchanga na chumvi vitoke, kisha wachemshe. Miiba yao laini inatosha kwa kalisi, usiongeze unga wa maganda ya mayai. Ng'onda usimpe, chumvi yake ni nyingi mno. Kitunguu hata cha kwenye mchuzi hapana. Na kwa kuwa una miembe, okota kokwa: mbwa humeza kokwa zima likaziba utumbo.

Gawa mara 4 kwa siku hadi miezi 4, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2 maisha yake yote. Akifika kilo 20 atataka kama gramu 360 za chakula kikavu au mchanganyiko wa nguvu sawa, akiwa mkubwa kama gramu 480. Lakini mizani ya kweli ni mkono wako. Pitisha kiganja ubavuni: mbavu uzihesabu bila kukandamiza. Zikianza kujificha, punguza sehemu moja katika kumi.

Daktari_wa_Mifugo

Naunga mkono ya chakula. Naongeza jambo linaloua mbwa wenye kifua kirefu kama huyu: tumbo kujaa hewa na kujipinda. Asikimbie saa nzima kabla na baada ya kula. Ukimwona tumbo limevimba ngumu kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu isipokuwa povu, hatulii, hiyo si ya kusubiri asubuhi. Ni upasuaji ndani ya saa chache au ndiyo basi.

Chanjo: ile ya wiki 6 haitoshi, maana kinga aliyonyonya kwa mama bado inaizuia isifanye kazi. Rudia sasa, tena wiki ya 13, tena wiki ya 16. Hiyo ni ya magonjwa manne: pavo (kuhara damu), distempa (virusi vya mapafu na fahamu), homa ya ini na homa ya mkojo wa panya. Ya kichaa cha mbwa achomwe akitimiza wiki 12, kisha kila mwaka, na cheti ukihifadhi. Hadi wiki moja baada ya ile ya 16 asitembee sokoni wala wanakopita mbwa koko. Mbebe mikononi aone watu na bodaboda, lakini asiguse chini.

Minyoo: dawa kila wiki mbili hadi wiki 12, kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi mitatu.

Pwani tuna shida ya ziada, mbu. Wanaambukiza mnyoo wa moyo na jamaa zake. Hata kuna mnyoo wa mbwa na paka uliopewa jina la kisiwa cha Pate, kwa kuwa huko ndiko ulikotambuliwa, mwaka 1958. Kinga ni dawa ya kila mwezi. Tafadhali usichukue chupa ya ivermectin (dawa ya minyoo) ya ng'ombe ukakisia kwa macho: ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kilo, kinga ya mbwa ni mikrogramu 6. Tofauti hiyo huwezi kuipima kwa sindano ya kawaida.

Kupe wakague kila jioni: ndani ya masikio, katikati ya vidole, makwapani, chini ya mkia. Amitraz, dawa ya kupe ya kuogesha, haifai kwa aliye chini ya miezi 4. Homa ya kupe ukiikamata mapema inatibika. Dalili ni kukataa chakula, fizi nyeupe, damu ya pua, au mkojo wa rangi ya kahawa. Ikiwa ni ile inayoshambulia chembe nyeupe za damu, hutibiwa kwa antibiotiki ya doksisaiklini siku 28. Watu huacha siku ya 7 kwa kuwa mbwa ameanza kula, ugonjwa unarudi ukiwa umeingia kwenye uboho.

Mfunzi_Malindi

Nije kwenye kazi, maana hapa ndipo mbwa wengi wanapoharibiwa.

Ridgeback hakuumbiwa kuua. Kule kusini kazi yake ilikuwa kumzunguka simba na kumbwekea, akimkwepa, simba asitoke pale alipo hadi mwindaji afike. Hiyo ndiyo kazi unayoitaka shambani: sauti nzito mpakani, na mbwa anayejua umbali wake. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ipo. Mbwa anayevuka ua kufuata nguruwe hadi ndani ya msitu wa Arabuko-Sokoke anakuingiza wewe matatani, na atawaua sengi (wanyama wadogo wenye pua ndefu) wa msitu ule, ambao ni wachache duniani.

Kumwachia nguruwe akiwa na miezi 6 ni kumpoteza. Nguruwe mwitu hupasua tumbo kwa meno, na dume la nyani lina chonge za kumaliza mbwa mzima peke yake. Mbwa mdogo akiumizwa mara moja, ama atakuwa mwoga maisha, ama atajifunza kurukia kwa hasira bila akili. Asikabili mnyama kabla ya miezi 18, na hata hapo wawe wawili, nawe upo.

Hadi miezi 4 kazi ni kuzoea tu. Watu wa kila namna, punda, mbuzi, kuku, mlio wa pikipiki, ngoma za harusi. Dirisha hilo la kuzoea mambo mapya hujifunga karibu na wiki ya 14, kwa hiyo una wiki tano tu. Usilipoteze.

Kuitwa ndio msingi, na kuanza leo. Tumia filimbi, maana sauti ya mtu hubadilika akikasirika, filimbi haibadiliki. Wiki ya kwanza piga mara mbili fupi wakati unaweka sahani chini, kila mlo. Wiki ya pili piga akiwa hatua kumi. Akija mpe kipande cha ini kilichochemshwa, ukubwa wa ukucha, kisha *mwachie aende tena*. Hilo watu hulisahau: wanamwita wamfunge, naye anajifunza kwamba filimbi ni mwisho wa raha. Kuanzia miezi 4 mfunge kamba nyepesi ya mita 10, umwite akiwa ananusa kitu. Asipokuja usipige tena na tena. Vuta kamba taratibu hadi miguuni pako, msifu. Kamba usiitoe hadi aje mara 20 mfululizo mbuzi wakiwa wanapita mbele yake.

Usimpige. Mbwa huyu ni mkubwa wa mwili na mwepesi wa kuumia moyo. Akikatiwa fimbo hufunga masikio na hakusikii tena.

Mazoezi: dakika 5 za matembezi kwa kila mwezi wa umri, mara mbili kwa siku. Asiruke kutoka kwenye pikapu wala kukimbizwa nyuma ya pikipiki hadi miezi 15. Mpakani mtembeze kwa kamba kila alfajiri, njia ileile, aijue harufu ya shamba lake. Miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi, mrudishe kabla ya saa mbili. Akihema sana, mate yakidondoka na fizi zikiwa nyekundu sana, mwagie maji ya kawaida tumboni na makwapani huku mkimpepea, kisha kwa daktari.

Ustadh_Ganda

Kuhusu nyumbani: mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa katika hadithi. Kwa madhehebu yetu ya Shafi shida ni umajimaji. Nguo au mkono ukiguswa na mate yake huoshwa mara 7, moja kwa mchanga. Kukavu kwa kukavu hakuna kitu. Basi kibanda kiwe mbali na mlango na mahali pa kuswalia, vyombo vyake visiingie jikoni, na uwe na shati moja la kazi. Makuti juu badala ya mabati, sakafu iinuliwe kama sentimita 30, mlango usielekee kusi.

Na aliyoyasema Mfunzi ndiyo yaleyale ya mafakihi. Mbwa aliyefunzwa, anayetajwa katika Sura Al-Maida aya ya 4, masharti yake ni kwamba akitumwa huenda, akizuiwa husimama, na hali alichokamata.

Mkulima_Kakuyuni

Nawashukuru sana. Mgongo nimeukagua, hakuna kitu. Swali moja: ameanza kuwakimbiza kuku.

Mfunzi_Malindi

Umri wake huo, ni mchezo bado. Asiachwe na kuku peke yake hata dakika moja, kwa sababu akikamata mmoja tu ameshajilipa mwenyewe. Kaa naye kwenye kamba fupi, hatua 15 kutoka kwa kuku, dakika 5 asubuhi na jioni. Kila anapowatazama kisha akageuka kukutazama wewe, mpe ini. Siku tatu akiwa ametulia, sogea hatua mbili. Akianza kukaza kamba, umesogea mapema, rudi nyuma. Ukifika katikati ya kuku naye amelala chini, hapo ndipo uanze mbuzi.