Wasanidi wanajiandikisha kwenye huduma yetu kisha wanapotea: naomba ushauri

Fundi_Kigamboni:
Wakuu, salamu kwenu. Mimi na mwenzangu tunaendesha huduma ya kutuma ujumbe mfupi wa simu kwa niaba ya mifumo ya shule, zahanati na vyama vya ushirika. Kwa hiyo mteja wetu wa kwanza si mwalimu wala mweka hazina, bali ni msanidi programu anayeunganisha mfumo wake na seva yetu. Tangu Januari wamejiandikisha wasanidi zaidi ya 200, na waliowahi kutuma ujumbe hata mmoja ni 9. Bei yetu ni nafuu, seva hazizimiki ovyo, na nyaraka zina kurasa 60. Naomba mnishauri: je, tovuti iwe na mandhari nyeusi, kama wasanidi wanavyopenda, na je, nyaraka ziwe za Kiswahili au za Kiingereza?

Binti_Ujiji:
Ziwe za Kiswahili, kaka, bila mjadala. Nilijifunza kazi hii nikiwa na kamusi mapajani, na wiki nzima nilidhani kwamba onyo lililosema njia niliyoitumia imepitwa na wakati lilikuwa likinisifu kwa kuichagua.

Mzee_wa_Seva:
Vijana wa siku hizi hawasomi. Sisi tulisoma miongozo iliyochapwa kwenye karatasi, na usiku hapakuwa na wa kumuuliza isipokuwa mlinzi, ambaye naye alikuwa amelala. Kurasa 60 ni chache, ziongezwe.

Kipanga:
Mandhari iache kwanza. Inamchukua msanidi muda gani, tangu ajiandikishe hadi aone ujumbe wake wa kwanza ukiingia kwenye simu yake mwenyewe? Mara nyingi anakuja usiku baada ya kazi, amefungua huduma tatu kwa pamoja, na anabaki na ile itakayomjibu kwanza. Kwa Stripe, huduma ya kupokea malipo mtandaoni, unapata ufunguo wa majaribio (msimbo wa siri unaouruhusu mfumo wako kuitumia huduma), unaandika kadi namba 4242 4242 4242 4242, na malipo ya kuigiza yanapita kama ya kweli. Kwenye Daraja, jukwaa la wasanidi la Safaricom, ipo namba ya majaribio 174379, ambayo wengi wetu tuliounganisha M-Pesa tunaijua kwa moyo. Kwako je?

Fundi_Kigamboni:
Muda unategemea mtu na mtu. Naomba turudi kwenye mandhari.

Kipanga:
Unategemea nini?

Fundi_Kigamboni:
Sawa. Baada ya kujiandikisha, msanidi hutuma nakala ya leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, kisha afisa mauzo wetu humpigia simu, kisha hununua salio la kuanzia, ndipo apewe ufunguo. Kwa kawaida ni siku tatu. Mwisho wa wiki ukiingilia kati, ni tano. Sikulitaja kwa sababu si kasoro, ni ulinzi. Nyote mmewahi kupokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Nikigawa funguo ovyo, kesho matapeli watatumia jina langu. Isitoshe, mbunifu wa tovuti mpya nimekwisha kumlipa nusu ya fedha yake, kwa hiyo mandhari itabadilika kwa vyovyote.

Kipanga:
Hofu yako ni ya haki, ila kufuli umelitia kwenye mlango usio wake. Toa ufunguo wa majaribio papo hapo, lakini utume kwa namba moja tu, ile ambayo msanidi aliithibitisha alipojiandikisha. Tapeli akiutumia atajitapeli mwenyewe. Leseni idai siku atakapotaka kuwatumia watu wengine, kwa kuwa wakati huo ameshaona kwamba kitu kinafanya kazi na ana sababu ya kuvumilia makaratasi.

Mfugaji_Njombe:
Nami niongeze langu kuhusu gharama. Niliutengenezea ushirika wetu wa maziwa mfumo wa kuwaarifu wafugaji, kwa kutumia huduma nyingine nisiyoitaja. Ujumbe ulikuwa na herufi 150, chini ya kikomo cha 160, lakini kila mara nilikatwa bei ya ujumbe tatu. Kumbe neno "ng’ombe" nililinakili kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, ambayo huipinda ile alama ya juu. Alama iliyopinda haimo katika seti ya kawaida ya herufi za simu, hivyo ujumbe mzima ulihamia kwenye seti nyingine yenye kikomo cha herufi 70, na kwa kuwa ulizidi hapo, ukakatwa vipande vya herufi 67. Ng'ombe mmoja, bei ya watatu! Huduma ninayotumia sasa hunijibu kwa kutaja idadi ya vipande na herufi iliyosababisha, na kwa hilo peke yake sihami.

Mzee_wa_Seva:
Mngeandika "mifugo" yasingewakuta hayo.

Shahidi_wa_Pili:
Samahani, lakini naona uzi huu umetungwa. Hakuna mfanyabiashara anayewazuia wateja 200 mlangoni kwa miezi kadhaa, halafu akaja kuuliza rangi ya ukuta. Muulizaji anakosea palepale ambapo Kipanga ana jibu tayari. Nashuku ni mtu mmoja mwenye akaunti mbili, na kesho tutatajiwa bidhaa ya kununua.

Kipanga:
Mimi ni mwajiriwa wa benki na sina ninachouza.

Fundi_Kigamboni:
Nimeumia. Ili mjue kwamba huduma ipo, hili ndilo jibu halisi la seva yetu salio la mteja likiisha: hali 200, ujumbe "Kosa 17". Maana ya Kosa 17 ipo ukurasa wa 43 wa nyaraka.

Shahidi_wa_Pili:
Sasa ndiyo siamini kabisa. Hali 200 katika lugha ya wavuti maana yake ni kwamba ombi limefaulu. Mfumo wa shule utaandika kuwa wazazi wote wamearifiwa kuhusu ada, ilhali hakuna simu hata moja iliyolia.

Binti_Ujiji:
Kompaila ya Rust, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo ulioandikwa kwa lugha hiyo ya kompyuta, hunionyesha mstari wenye kosa, huweka alama chini ya neno lenyewe, na mara nyingi hupendekeza la kuandika badala yake. Lugha ile nimejifunza kwa kukosea. Kosa 17 linanifundisha nini, kaka?

Fundi_Kigamboni:
Linafundisha kusoma nyaraka.

Mzee_wa_Seva:
Hapo umenena.

Binti_Ujiji:
Nilimwomba Fundi anwani ya tovuti faraghani, akanipa, nikajiandikisha leo saa tatu asubuhi. Nilipokea barua pepe ya kunishukuru, yenye ahadi kwamba afisa mauzo atanipigia. Sasa ni saa kumi na mbili jioni na simu haijalia. Shahidi, huduma ipo.