Naombeni ushauri: programu ya ukaguzi SPIN inapitisha modeli yangu, kaunta inapungua

Kijana_wa_C: Wakuu, heshima zenu. Siku ya tatu nimekwama. Nimeandika kwa C algoridhimu ya Peterson ya 1981, ya thredi mbili (kazi mbili za programu moja zinazokwenda sambamba): kila moja inainua bendera yake, inaiachia nyenzake zamu, halafu inangoja. Ndani ya sehemu nyeti, ambamo thredi moja tu inaruhusiwa kwa wakati mmoja, kila moja inaongeza kaunta mara 1,000,000. Jumla ingekuwa 2,000,000, lakini kila mara inapungua kidogo. Nimeweka volatile kote, ili kompaila isiruke kusoma wala kuandika kumbukumbu. SPIN imepekua hali zote za modeli, yaani mfano wa algoridhimu niliouandikia, haikuona kosa. Tatizo liko wapi?

Bi_Mkaguzi: Pole mdogo wangu. Bila shaka unatumia Intel au AMD. Humo kila kiini kina bafa: unachoandika hukaa humo kwanza kabla ya kufika kwenye kumbukumbu, na kiini kinaendelea kusoma. Thredi A inainua bendera, ingali kwenye bafa, inasoma ya B na kuikuta chini. B nayo hivyohivyo. Zote mbili zinaingia! SPIN imechukulia kwamba kinachoandikwa kinaonekana papo hapo, kwa hiyo imekagua algoridhimu, haikukagua prosesa yako. Volatile inaibana kompaila tu, haiibani prosesa. Fanya bendera na zamu ziwe atomic_int, aina ya namba ya C inayoibana prosesa pia.

Nahodha: Naunga mkono. Ila kaunta ikitimia usidhani umemaliza. Mwaka 1966 Hyman alichapisha njia fupi ya kazi hii ya kuzuia wawili wasiingie pamoja, katika jarida la Communications of the ACM. Mwaka huohuo mwanasayansi wa kompyuta Knuth akaonyesha kwamba wawili wanaweza kuingia pamoja. Kagua pia anayengoja kama atafikiwa na zamu. Suluhisho la mwanasayansi mwingine, Dijkstra, la 1965 lilizuia wawili kukutana ndani, lakini mmoja aliweza kupitwa bila mwisho. Kwa Peterson hupitwi zaidi ya mara moja, na hilo lithibitishe kwenye modeli.

Kijana_wa_C: Dada, asante sana! Nimeendesha mara 500, zote 2,000,000, ingawa mwendo umepungua. Sasa bafa naiingizaje kwenye modeli?

Bi_Mkaguzi: Ipe kila thredi foleni yake ya nafasi mbili, maana bendera na zamu zote huweza kuwa zinasubiri. Kuandika ni kuweka kwenye foleni. Thredi ikisoma, ianzie kwenye foleni yake. Kisha ongeza mchakato wa kumwaga foleni wakati wowote, kilichotangulia kitoke kwanza. Ukimaliza, weka hapa hatua za kosa SPIN itakazotoa, tuzipitie pamoja.