Kwa nini Bach wa Hamburg alipenda klavikodi?

Swali: Wanajukwaa, mtunzi Carl Philipp Emanuel Bach (1714–1788), huyo Bach wa Hamburg, ndiye hutajwa kwanza panapozungumziwa muziki wa hisia wa Ujerumani ya karne ya 18. Iweje mtu aliyekusudia kugusa mioyo apende klavikodi, kinanda chenye sauti hafifu isiyofaa hata kwa ukumbi?

Jibu la kwanza: Ndugu, tazama inavyofanya kazi. Kipande kidogo cha shaba mwishoni mwa kibonye hugonga waya na kubaki kimeugusa mpaka kidole kiinuliwe, kwa hiyo mpigaji akitikisa kidole papo hapo, sauti nayo hutetema kama ya mwimbaji. Hapsikodi, kinanda kingine cha enzi hizo, hudonoa waya, basi. Kidole hakina la kuongeza.

Jibu la pili: Naafiki. Katika kitabu chake cha mwaka 1753 Bach alifundisha kwamba mwanamuziki hawezi kuwagusa wengine asipoguswa yeye mwenyewe. Mwandishi wa muziki Mwingereza Charles Burney, aliyemtembelea Hamburg mwaka 1772, alimkuta akipiga kinanda, macho yamekazia mahali pamoja na mdomo wa chini umelegea.

Jibu la tatu: Ala peke yake haitoshi, kwa maoni yangu. Msisimko umo katika utunzi wenyewe: kimya cha ghafla katikati ya wazo, noti mbili zinazoshuka kama mtu anayeshusha pumzi, na zile fantasia, yaani tungo za mtindo huru, ambazo sehemu zake ziliandikwa bila mistari ya kugawa mapigo, mpigaji akiachiwa kuharakisha au kukawia apendavyo.