Naomba ushauri: mume anataka bastola, mimi ni Mbudha
Habari zenu wapendwa. Naishi Houston, Texas. Nyumba ya jirani ilivunjwa usiku, na tangu hapo mume wangu (yeye si Mbudha) ameshikilia tununue bastola.

Kiapo cha kwanza tunachosoma hekaluni ni kujiepusha na kuua kiumbe chochote. Buddha pia aliwakataza waumini wa kawaida biashara ya silaha. Lakini kuhusu kuwa nayo tu nyumbani sioni katazo la wazi, na hapo ndipo wenzangu wanapogawanyika. Mmoja ananikumbusha kusini mwa Thailand: tangu machafuko ya 2004, kuna wanakijiji Wabudha waliopewa bunduki wajilinde. Mwingine anasema ukishaiweka kando ya kitanda, moyoni umeshakubali kumuua mtu. Hilo linaninyima usingizi, maana kwetu karma (matunda ya matendo ya mtu) inaanzia kwenye nia.

Halafu tuna mtoto wa miaka minne anayefungua kila droo!

Mume nampenda, na hofu yake naielewa kabisa. Nimkubalie kwa sharti la kuifungia kwenye sefu, au nishikilie msimamo? Waliooana na mtu wa imani tofauti, jambo kama hili mlilizungumzaje bila kugombana?