Watoto wa Mama (Columbus na kwingineko)

Dada Zuhura: Assalaam alaykum jamani. Mama anaruka Jumapili kwenda Tanga mpaka mwezi wa 3, nani anabaki na wale ndege wa buluu wa uani??

Dada Zuhura: Naona tiki za buluu tu

Hamisi: Si wana mabawa waende Florida 😂

Dada Zuhura: Hawa hawahami wote Hamisi, na ule mti wa dogwood umeshaisha matunda. Wanalala wamebanana ndani ya boksi lao la kiota, juzi asubuhi nimewaona wanatoka mmoja mmoja mpaka nikajiuliza walikaaje mle. Kazi yenyewe ndogo, unaloweka funza wakavu maji ya uvuguvugu unawawekea kibakulini, beseni lao la maji, lile la umeme lisiloganda, lisikauke, na matundu ya juu ya boksi yazibwe upepo usipite. Alizeti MSIWEKE, hawali, mnaita shomoro tu

Salma: Alizeti aliweka nani mwaka jana 👀

Hamisi: Tusianze

Salma: Sijataja mtu. Ila shomoro walihamia mle na virago. Na koleo langu la theluji nalidai bado

Hamisi: Nilirudisha, muulize shemeji

Shemeji Rama: Mimi nimo humu kusoma tu

Idi: Ndo naona sasa nilikuwa shifti. Hao funza wanaungwa nazi? 😂

Idi: Kwani tundu la kuingilia boksi si dogo

Dada Zuhura: Inchi moja na nusu, kwenzi hapiti lakini shomoro anapita. Na shomoro wenyewe si wa huku, waliletwa Brooklyn, New York kutoka Ulaya miaka ya 1850

Hamisi: Wahamiaji wenzetu hao, waacheni wakae 😂😂

Idi: Karatasi zao ziko sawa lakini?

Dada Zuhura: Mnacheka na Jumatatu usiku baridi inashuka mpaka digrii 9 za Fahrenheit!!

Mama: Nimesoma yote tangu jana. Kindege kama kile kinawashinda watu wazima wanne, mimi nikilala kitandani itakuwaje. Hamisi ndiye anayekaa karibu, atakuja yeye. Na koleo la mwenzake aje nalo.

Salma: Tumekusikia mama

Hamisi: Sawa mama. Ila wikendi huwa sipo

Dada Zuhura: Haya wikendi nani? Idi?

Idi: Jumamosi nikiwahi kutoka kazini inshallah

Dada Zuhura: Inshallah hiyo naijua. Na ufunguo wa geti la nyuma uko kwa nani?

Shemeji Rama: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Dada Zuhura: Rama ulikuwa unasemaje?